Kurasa Alizoruka Marehemu

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Povu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za ofisi tu. Alikuwa amefua shuka za wagonjwa kwa miaka ishirini na sita. Damu ya mama aliyejifungua na damu ya majeruhi alizitambua kwa harufu, kabla hajafungua furushi. Kwa hiyo dada yake mkubwa alipomwambia anataka kusomewa riwaya ya ajabu isiyo na damu, hakucheka.

Dada huyo alikuwa haoni, mwaka wa saba sasa, kwa presha ya macho. Miaka yote hiyo alisomewa na binti yake wa pekee, msichana mwenye sauti kumi: ya zimwi, ya malkia, ya farasi mwenye mabawa aliyependa umbea. Majirani walikuwa wakiacha kufua ili wasikilize dirishani. Kisha Jumatatu moja binti akashikwa na homa, na Alhamisi wakamzika. Shuka alizofia binti huyo, Povu alizifua mwenyewe. Hakutaka mkono wa mtu mwingine uziguse.

Wiki mbili baada ya mazishi, alibeba boksi la vitabu vya mpwa wake akampa muuza vitabu anayetandaza chini ya ngazi za posta. Alidhani anamwondolea dada yake kidonda. Hakumuuliza.

Alasiri moja walikuwa wamekaa wanakunywa chai. "Mdogo wangu," dada akasema, "nyumba imenyamaza kupita kiasi. Ila ikifika saa kumi namsikia. Anafunua ukurasa, halafu basi."

Povu akatazama saa. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Nisomee wewe," dada akaendelea. "Mazimwi yawepo, uchawi uwepo, lakini watu wasichinjane. Na mambo ya chumbani yabaki chumbani, maana wewe ni ndugu yangu."

Kazi ikaanza. Muuza vitabu alijikuna kichwa. "Mzee Povu, siku hizi zimwi lisipokula watoto watatu kabla ya ukurasa wa kumi, wasomaji wanarudisha kitabu." Alimpa kimoja hata hivyo, na kijiji kizima kikateketezwa kwenye sura ya kwanza. Alimpa kingine, na humo mwana wa mfalme hakuweza kusalimiana na mchawi wa kike bila nguo kudondoka. Povu akashikwa na kikohozi.

"Kohoa tu, mdogo wangu," dada akasema. "Wakimaliza utaniambia."

Baada ya kitabu cha nne dada akasema mwenyewe: "Kitafute kile cha malkia wa mawingu, aliyelala miaka mia akaamka na njaa. Mwanangu alinisomea mara mbili. Kile hakikuwa na ubaya wowote."

Muuza vitabu alikuwa bado nacho, chini kabisa ya boksi lilelile. Povu alikifungua palepale kwenye ngazi, akaona mwandiko wa mpwa wake.

Kitabuni, malkia hakulala. Alinyongwa kwenye lango la jumba lake, na wanawe wakatupwa kisimani. Mistari hiyo ilikuwa imekatwa kwa penseli, na pembeni imeandikwa: *Hapa alale tu. Mama asisikie.* Chini zaidi: *Watoto wapo kisimani wanacheza karata.* Alichambua boksi lote. Vitabu vyote vilikuwa hivyohivyo. Katika kimoja penseli ilikoma ukurasa wa mia na kumi na mbili, na kuanzia hapo watu waliuawa kama walivyochapishwa. Povu alihisi baridi shingoni. Akageuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Siku hiyohiyo alimsomea dada yake kwa kufuata penseli. Dada alitabasamu mwanzoni, kisha akainua mkono.

"Umeruka."

"Nimeruka nini, dada?"

"Umefunua kurasa mbili. Naye alikuwa akiruka hapohapo. Yaliyokufa ni macho, masikio ninayo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua kuna kitu ananificha. Nilidhani ni mambo ya mapenzi." Akaweka kikombe chini. "Nisomee kilivyoandikwa."

Povu akasoma lango, kamba, kisima. Alisoma kwa sauti moja, kama anayesoma orodha ya shuka. Dada alisikiliza mikono ikiwa mapajani mpaka sura ikaisha.

"Kumbe haya yote alikuwa anayabeba peke yake," akasema, "huku ananichekesha." Machozi yakamtoka bila sauti. Baada ya muda akajifuta kwa ncha ya khanga. "Sasa nisomee alivyosoma yeye."

Povu akaanza upya. Alipofika kwa farasi wa umbea, sauti ikamgeuka. Mpaka leo anaapa kwamba haikutoka kwenye koo lake. Dada aligeuza uso, na hakumwelekezea yeye. Alikielekezea kiti kitupu cha pembeni.

Kitabu ambacho penseli iliishia ukurasa wa mia na kumi na mbili hawajakimaliza. Vingine Povu huvisoma kwanza mwenyewe wakati wa mapumziko, amekaa juu ya mafurushi, na muuza vitabu amezoea kurudishiwa. Mpaka sasa amepata viwili tu vyepesi kweli, visivyohitaji kurukwa. Kimoja ni cha mchawi aliyepoteza ufagio akaamua kujifunza useremala. Walikisoma siku tatu, wakacheka mpaka jirani akabisha kuuliza kuna nini.

Walipokimaliza ilikuwa saa kumi, na dada akauliza nani yuko mlangoni. Povu akaenda kutazama. Ukumbi ulikuwa mtupu, jua la alasiri limelala sakafuni.

"Hakuna mtu, dada. Nifunge?"

"Hapana," akasema. "Uache wazi."