Mwanasiti Wawili na Kompyuta ya Nairobi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Chumba chetu pale Kwale kilikuwa na zulia na kiyoyozi, vitu ambavyo hata ofisi ya mkubwa haikuwa navyo. "Hii si kompyuta," Msimamizi wa Takwimu akaniambia. "Kompyuta yenyewe iko Nairobi. Hiki ni kituo chake cha mbali. Sisi twatuma, yenyewe yafikiri." Nikasimama na soksi zangu zilizotoboka, nikajiona nimefika.

Kila mtu kwetu alikuwa kadi moja ya karatasi ngumu, yenye matundu badala ya herufi. Tukiilisha mashine ya kusomea kadi, maneno yalikwenda Nairobi kwa waya wa simu, na jibu likarudi kwenye mashine ya kuchapa iliyopiga kelele hadi barabarani. Pembeni palikuwa na taipureta ambayo Nairobi iliitumia kusema na sisi waendeshaji. Laini ilikuwa yetu mpaka saa sita mchana tu. "Laini ikifungwa na kazi haijaisha," Msimamizi alisema, "kesho usije." Nilijivuna, sifichi. Nikishuka gari kituo cha Kona ya Musa, watu walikuwa wakiniita Bwana Kompyuta, nami naitika.

Mwaka wangu wa tatu ikaletwa orodha ya watu wa kugawiwa mashamba. Kadi ilikuwa na nafasi ya majina mawili tu, la mtu na la babu yake. Sasa nyinyi wa hapa mwajua tunavyowapa watoto majina ya bibi zao. Ndugu wawili wa Kibuyuni walikuwa wamewaita mabinti zao Mwanasiti, jina la mama yao wao ndugu, mke wa Bakari. Basi wakaingia Mwanasiti Bakari na Mwanasiti Bakari, wa kijiji kimoja. Orodha ilipochapwa, Mwanasiti alikuwa mmoja.

Yule Mwanasiti mkubwa kwa umri, mjane mwenye watoto watatu, alikuja dirishani kwetu.

"Mwanangu, jina langu li wapi?"

"Kompyuta imekukataa, mama."

"Mimi nimeikosea nini?"

Nilimpeleka kwa Afisa wa Mashamba, naye akasema orodha ikishatoka Nairobi haiguswi. Mama yule alilima kipande cha yule binamu yake aliyepata, kwa kuruhusiwa hadi alipofariki, na wanawe wakaishia nyika ya Taru wakichunga mifugo ya watu. Mimi nilifanya kisa hicho hadithi ya harusini. Nikiulizwa habari za kompyuta za zamani, nasimulia ilivyokuwa na akili za kuku hata ikashindwa kutofautisha binadamu wawili, na watu wanacheka.

Mwaka huu akaja Rehema, mwalimu wa kompyuta kule Diani. Anaandika programu inayoigiza kituo kama kile chetu ndani ya laptopu, ili wanafunzi wake waone kazi ilivyofanywa. Alikuwa amepata kitabu cha mwongozo cha mtambo wetu, akakifuata ukurasa kwa ukurasa.

"Shikamoo babu. Nimeambiwa wewe ndiwe uliyebaki."

"Marahaba. Nimebaki, ndiyo, lakini magoti yamestaafu kabla yangu."

Nilimrekebishia mlio wa mashine ya kuchapa na mpangilio wa kadi. Kisha nikamsimulia kisa cha kina Mwanasiti. Akacheka, akaziandika zile kadi mbili ajaribie. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikasimama, na kwenye kioo, pale palipoigizwa ile taipureta, pakatokea swali: kadi hii yafanana na iliyotangulia, ipokewe au iachwe?

Rehema akaacha kucheka. "Babu, kitabu chasema mtambo haukuwa ukiacha kadi wenyewe. Ulikuwa wasimama, wamngoja mtu ajibu. Nani alijibu?"

Mama yangu ni mtu wa Kibuyuni. Wanawake wale nilikuwa nawaamkia kila Idi.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilijua ni wawili. Ukijibu ipokewe, Nairobi walitaka uwapigie simu ueleze sababu, na saa sita ilikuwa karibu. Nikajibu iachwe. Ni herufi moja tu."

Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Alinisogezea laptopu. Nikatafuta herufi ya kupokea, nikaibonyeza. Majina yakatoka yote mawili, moja chini ya jingine. Nililia mbele ya mtoto wa watu, na sioni haya kuliandika hilo.

Ukutani kwangu hapa Msambweni kuna barua niliyopewa siku ya kustaafu, yenye fremu na kioo. Inasema kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kuchelewesha orodha hata mara moja. Ni kweli.