Elisi Pana ya Lori la Salumu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika garage moja ya Mususa, mjini Butembo, chef d'atelier Kambale, mkuu wa mafundi, aliweka turbo mbele yangu. "Muhindo, hapana kamata spana kwanza. Zungusha hii na kidole, usikilize."

Nilizungusha. Ilikwaruza kidogo sana.

"Iko inalia," akasema. "Yenye inalia haifike Beni."

Ninyi vijana mnaonunua turbo mpya ndani ya katoni, mjue sisi tulizijenga upya. Ndani mna elisi mbili, yaani magurudumu madogo yenye mapanga kama ya feni, juu ya ekseli moja. Moshi wa injini unazungusha ya kwanza; ya pili, ya aluminiamu, inavuta hewa na kuisukuma ndani ya injini. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, na lori lenye mzigo lilipanda likitema moshi mweusi, polepole kama ng'ombe mgonjwa. Basi tulitafuta elisi pana zaidi kwenye injini zilizokufa, tukatanua nyumba zake, yaani maganda yanayozizunguka, tukasawazisha uzito wa mapanga kwa kuyakwangua kidogo kidogo. Elisi isiyosawazishwa huvunja ekseli.

Vita vilipoingia, kazi hiyo ikawa ya kuokoa roho. Wenye silaha waliyavizia malori kwenye miinuko, mahali yanapotambaa. Salumu, transporteur wa Beni aliyeishi kwa kubeba mizigo, alituletea la kwake. "Hapana mbio ya sifa natafuta," alisema. "Munisaidie tu nipande pale haraka, basinikamate."

Elisi niliifunga mimi, chef akakagua. Salumu akaanza kupita salama pale ambapo wenzake walichomwa ndani ya malori yao.

Lakini lori lenye nguvu husikika mbali. Asubuhi moja liliingia uani askari wamejaa juu, Salumu kwenye usukani, uso umemkauka. Commandant wao akashuka.

"Nani alifunga hii turbo? Tunaenda naye, aichunge njiani."

"Ni miye, mon commandant," nikasema.

Chef Kambale akatoka akijifuta mikono. "Huyu anaongopa. Angali anajifunza. Ni miye."

Commandant alitutazama sote wawili, akamchagua mwenye mvi. Chef akavua bluzi yake, lile koti la kazi, akanipa. "Donc, Muhindo, chunga kazi." Akapanda.

Siku nyingi baadaye Salumu alirudi kwa miguu, amekonda. Alisema walipakia kupita kiasi, na kila waliposimama walizima injini papo hapo, oili isipate kuipoza ekseli. Chef aliwaomba, "Turbo nayo inachoka. Muache ipumue." Wakamcheka. Kwenye mlima wa Masereka elisi ikapasuka. Salumu walimfukuza kwa kitako cha bunduki; chef wakamwingiza mashambani.

"Miye sikusikia risasi," Salumu alirudia mara nyingi, kama mtu aliyetuletea zawadi.

Tulimtafuta Masereka pamoja na watu wa kanisa. Hatukupata hata kiatu.

Nikawa chef d'atelier baada yake, miaka mingi, na sikuwahi kukizoea cheo hicho. Macho yalipofifia niliamua kupumzika, nikaenda mtaa wa Kimemi kumwarifu mke wa chef Kambale, Mama Kavira, ambaye hakukubali kamwe tufanye matanga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mais, Muhindo, nani sasa atafungua garage asubui? Akirudi akute kumefungwa?"

Kesho yake nilivaa viatu, nikaenda kufungua.