Zizi la Nirig

Harufu ya zizi la mbuzi ni kali, inapanda puani na kugandama kwenye nguo. Ya ndama wa ngamia ni nyingine kabisa: ina uchachu wa maziwa, na ikichanganyika na miba ya mgunga iliyokatwa asubuhi hiyo, mtu wa kwetu anaitambua hata akiwa amefumba macho. Nilizaliwa katikati ya harufu hizo, upande wa Tarbaj, zamani za wakoloni. Naweza kusema bila kujisifu kwamba nilipokuwa na miaka saba nilijua mahali alipolala au kujificha kila kiumbe kati ya kisima chetu na malisho. Nimesema bila kujisifu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa najisifu mno.

Aliyenifundisha ni ayeyo, yaani bibi yangu mzaa baba. Alikuwa akisuka mikeka na kuniuliza bila kuinua uso: "Halimo, nungunungu anaingia wapi? Digidigi analala chini ya mti gani? Fisi jike anazalia wapi?" Nikikosea anacheka, nikipatia ananipa povu la maziwa nilambe. Hayakuwa mambo ya mchezo, maana mwanambuzi akipotea ni lazima ujue shimo la kuchungulia. Kisha tulikuja kwenye mazizi yetu wenyewe. Kwanza lilikuwapo la mbuzi wakubwa. Lilifuata la wanambuzi, lililoezekwa juu ili mwewe wasiwanyakue. Kando kabisa, karibu na mlango wa nyumba yetu ya mikeka, palikuwa na zizi la nirig. Nirig ni ndama wa ngamia ambaye bado ananyonya. Akishaachishwa, jina hilo humtoka na mahali pake pa kulala hubadilika. Kwa hiyo ukisema zizi la nirig umeshasema mengi: kwamba nyumba hiyo ina ngamia aliyezaa, na kwamba maziwa yapo.

Mwaka ninaousimulia mvua zilikatika mapema. Mama alishikwa na homa iliyokataa kumwacha, maziwa yake yakakauka, na ndugu yangu Abdi alikuwa mchanga wa miezi minne. Alinyweshwa maziwa ya Adey, ngamia wetu mweupe, jike pekee tulilobaki nalo. Siku hizo hizo ikaja habari kwamba serikali inakusanya ngamia majike, mmoja kutoka kila nyumba, kwa sababu baadhi ya jamaa zetu walivuka mpaka wa malisho. Sisi hatukuwa tumevuka chochote, lakini faini ilikuwa ya ukoo mzima. Adey akiondoka, Abdi hakuwa na kitu kingine cha kunywa. Hata mimi na utoto wangu nililielewa hilo.

Siku waliyotarajiwa kufika kwetu, jua likichomoza, baba alimpeleka Adey na ndama wake kwenye korongo lililofunikwa na vichaka. Alijaza nyasi ndani ya kengele yake ya mti isilie, akawafunga mama na mwana pamoja ili asiwepo wa kumwita mwenzake, kisha akarudi kinyumenyume akifuta nyayo kwa tawi. Alifikiria kila kitu isipokuwa zizi lililobaki tupu. "Wakiuliza, tuna madume mawili tu ya kubeba nyumba," alituambia. Akanigeukia: "Na wewe Halimo, leo kiherehere chako kiweke mfukoni." Gauni langu halikuwa na mfuko.

Walikuja kabla ya adhuhuri: Mzungu kijana mwenye daftari, shingo imembabuka kwa jua, pamoja na askari wa kilemba chekundu, Msomali mwenzetu ila wa ukoo mwingine. Mzungu alisimama kwenye madume akiandika. Askari akazungukazunguka, kisha akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa na ndevu zilizotiwa hina na sauti ya upole.

"Hili zizi la nani?" aliniuliza kwa Kisomali.

"La mbuzi wakubwa, adeer," nikamjibu, nikimwita baba mdogo kwa heshima.

"Na hili lenye paa?"

"La wanambuzi."

"Mashallah, mtoto anajua huyu."

Basi, kichwa kikavimba. Hakuuliza la tatu. Nililisonta mwenyewe: "Na lile pale ni la nirig!"

Baba alitazama chini. Nilimsikia ayeyo akisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo. Ndipo nilipojua nilichofanya, na mkojo ukanitoka. Askari alikwenda mpaka kwenye lile zizi, akainama. Kinyesi cha ndama kilikuwa bado kibichi. Mzungu akauliza jambo kwa Kiswahili, akilinyooshea zizi kalamu yake, na askari akasimama wima akamjibu kwa maneno matatu. Hakuna aliyejua Kiswahili pale kwetu. Mzungu akaandika, wakaondoka.

Hawakuelekea korongoni. Lakini baba aliamini tumeshauzwa, na kwamba watarudi wakiwa wengi. Tulibomoa nyumba saa ile ile, mama akapakiwa juu ya ngamia akitetemeka, tukawapitia Adey na ndama wake korongoni, tukasafiri siku nne. Mama alipona, ila baada ya safari ile mguu mmoja haukumrudia sawasawa tena. Sikuchapwa. Ayeyo aliacha tu kuniuliza maswali, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Baba alimlaani askari yule kila alipomwona mama akichechemea, mpaka akaingia kaburini. Yale maneno matatu niliyarudia moyoni njia nzima, nikidhani ndiyo usaliti wenyewe.

Niliolewa Garissa nikiwa msichana mkubwa. Jirani yangu, Bi Hawa, alikuwa mtu wa Masalani, wa kando ya mto. Siku moja aliniita uani kwake: "Mama, hebu nishikie hapa, nafunga kizimba cha kuku." Nilimwomba arudie, maana maneno yale matatu ya mwisho nilikuwa nayajua kwa sauti tangu utotoni. Akarudia huku akicheka: "Kizimba cha kuku! Kwani hujaona kuku wewe?" Kwetu sikuwahi kumwona. Wafugaji wa kuhamahama hatukufuga kuku, na askari yule alilijua hilo vizuri sana. Mzungu wake ndiye aliyekuwa hajui. Nilicheka mpaka nikaketi chini, kisha nikalia, na Bi Hawa akadhani nina wazimu. Baba alikuwa ameshazikwa.

Sasa mimi ndiye ayeyo. Wajukuu zangu wana neno moja tu, banda: banda la mbuzi, banda la gari, banda la kuchajia simu. Sigombani nao; hakuna anayewauliza nungunungu anaingia wapi. Abdi yuko hai, ana mvi, na maziwa ya ngamia hataki hata kuyanusa. Nami nafuga kuku sita. Kila jioni nikishawafungia kizimba chao namwombea dua yule askari ambaye jina lake silijui. Namwomba Mungu kwanza azifute laana za baba, halafu anisamehe mimi niliyemponza akalaaniwa bure. Bado sijui kama laana ya marehemu inaweza kufutwa na binti yake.