Nusu Doti

Shangazi yangu alikuwa na duka la nguo Palma mjini na ghala kule Mute, kando ya barabara kuu, na kazi yangu mimi ilikuwa kuhakikisha viwili hivyo havidanganyani. Ilikuwa miaka ile ambayo habari ya gesi ilikuwa imeacha kuwa uvumi. Afungi, palipotengwa kwa mitambo ya gesi, ilikuwa imezungushiwa ua, na kila basi lililoingia lilishusha watu wa kusini wenye kofia ngumu na mishahara. Watu hao hawakuwa na nafasi ya kuzurura madukani. Walikaa kambini, wakafungua simu, wakaona picha ya kitu na kukitaka. Nikamwambia shangazi tufungue duka la mtandaoni. Alinitazama kama anavyotazamwa kuku jike aliyewika, lakini hakukataa.

Ubaya wa duka la mtandaoni ni kwamba halina rafu. Linajua kile linachoambiwa na ghala, basi. Ghala likinyamaza, duka linauza hewa. Tukamwita fundi kutoka Nampula, kijana mpole aliyekunywa chai yetu nyingi, akafunga sistema ya kuhesabu mzigo kwenye kompyuta ya Mute na kuiunganisha na duka langu. Nikiuza, ghala linapunguziwa. Mzigo ukiingia ghalani, duka linaongezewa. Yeye jambo hilo aliliita kwa Kireno jina refu. Shangazi akaliita kusikilizana. "Leo vimesikilizana?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya simu kila asubuhi, kabla hata ya kuuliza hali yangu.

Taabu ilianzia kwenye kanga. Kwetu kanga ni doti: vipande viwili vilivyoshikana, kimoja cha kiunoni na kimoja cha kichwani, na anayevikata ni mwenye kuvivaa, akishafika navyo nyumbani. Lakini watu wa kusini wamezoea kapulana, nguo yao ya kujifunga, na kapulana huuzwa kipande kimoja kimoja. Kwa hiyo dukani niliuza kwa vipande, na ghalani shangazi akahesabu kwa doti. Fundi alisema hilo si tatizo, kila doti moja ni vipande viwili. Kisha akamuuliza shangazi swali moja la haki kabisa.

"Mama, na nusu doti je? Niiruhusu?"

"Nusu doti haipo," shangazi akasema. "Mungu hakuiumba. Ukiikata doti umebaki na matambara."

Fundi akafanya kama alivyoambiwa. Sistema ya ghala ikafundishwa kwamba nusu doti haipo duniani.

Mwanzoni shangazi aliipiga vita ile kompyuta. Aliifunika kitambaa, akasema inamtazama. Baada ya miezi michache akaipenda kupita kiasi, akaacha kufungua marobota kuangalia kilichomo. Ukimuuliza kama kitu fulani kipo, haendi tena nyuma. Anavaa miwani na kukisoma kioo. Mimi nilifurahi. Nilidhani hayo ndiyo maendeleo.

Kanga iliyotoka kuliko zote ilikuwa ya korosho nyekundu, iliyoandikwa *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Watu wa kambini waliipenda kwa rangi. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma kilichoandikwa pale chini. Walinunua kipande kimoja kimoja, kumpelekea mama au mchumba huko Maputo, na mimi nilicheka peke yangu nikivikata na kuvifunga.

Siku moja akaja dukani rafiki wa shangazi wa miaka mingi, mama mmoja wa vile vijiji vilivyokuwa vinahamishwa kupisha kazi za gesi. Binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka sare: wanawake wote wa ukoo wavae kanga moja, kila mmoja doti yake. Jumla doti thelathini na tano, yake ikiwemo. Na alitaka hiyo hiyo ya korosho nyekundu.

"Wageni washakuja," aliniambia, akipapasa yale maandishi kwa kidole. "Sasa siye twangoja kupona. Nataka tuvae wote, wapite watusome."

Nikamwambia hawajui kusoma Kiswahili. Akasema shauri yao.

Harusi ilikuwa Ijumaa iliyofuata na haikuweza kusogezwa, kwa sababu baada yake malori yangeanza kubeba vyombo. Wengine walikuwa wanakwenda nyumba mpya walizojengewa, wengine wamechagua kufuata ndugu zao kwingine. Ilikuwa harusi ya mwisho katika kijiji kile, na kila mtu alilijua hilo bila kulisema sana. Nikaangalia simu: vipande themanini, yaani doti arubaini. Nikampigia shangazi Mute, naye akavaa miwani yake, akasema arubaini. Tulikuwa tumesikilizana vizuri mno. Nikamwahidi yule mama.

Siku mbili kabla ya harusi nilikwenda naye Mute kuchukua mzigo. Shangazi akafungua robota, akatoa, akapanga, akafungua robota la pili, likawa na vitenge. Doti zilikuwa kumi na saba. Alizihesabu tena kwa sauti, kana kwamba zingeona haya na kuongezeka.

Nilikaa kwenye kompyuta kwa hasira, na sababu nikaiona upesi, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Tuseme zipo doti kumi: nikiuza kipande kimoja, duka liliambia ghala kwamba zimebaki doti tisa na nusu. Ghala halijui nusu. Likakweza hesabu hadi kumi, kisha likarudisha habari dukani: kumi. Kila kipande kilichokwenda Maputo kilikuwa kama hakikuuzwa kabisa. Nikampigia fundi simu nikiwa nimejiandaa kumtukana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Lakini dada, si mama mwenyewe alisema nusu haipo?" Alikuwa amemtii mwenye mali, na mwenye mali alikuwa amesema kweli ya kwetu.

Mtwara, kanga zetu zinakotoka, hakukuwa na msaada. Lori lililokuwa na mzigo wetu lilikuwa limekwama matopeni upande huu wa mto wa mpakani, na mvua ilikuwa haijaamua kuacha. Shangazi akatoa kanga nyingine, za maua, za bluu, nzuri kuliko ile. Rafiki yake hakuzigusa.

"Zikate," akasema.

"Nini?"

"Hizi kumi na saba. Zikate."

"Shoga, mtu wa kwetu hakatiwi doti dukani," shangazi akasema. "Ntakuwa nimekuuzia matambara. Kwenye harusi ya mwanao, mie?"

"Nsikilize. Dada yangu mkubwa anakwenda nyumba mpya, mdogo wangu anarudi kisiwani Vamizi kwa wakweze. Wake wa kaka zangu, huyu huku, huyu kule. Nataka kila doti wagawane wawili wanaoachana. Ukivaa yako, ujue nyingine iko kwa nani. Kata, shoga."

Shangazi alitafuta mkasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakaa chini sakafuni na kuanza. Sikupata kumwona akilia kwa ajili ya biashara, na siku ile nadhani haikuwa biashara. Mimi nilishika ncha ya pili ya nguo ili mkasi upite sawa.

Harusini tulialikwa wote wawili. Wanawake walitoka kumsindikiza bibi harusi wakiwa wamepangana wawili wawili, mmoja amejifunga kipande kiunoni na mwenzake amejitanda kingine, wekundu mtupu njia nzima, na vigelegele. Ilipendeza kuliko ile sare kamili niliyoiwazia. Nilianza kuona fahari kidogo, kama vile wazo lilikuwa langu.

Ndipo nikamwona mama wa bibi harusi. Alikuwa amejifunga kanga ya kijani iliyopauka, ya nyumbani, ya kupikia. Nikasimama nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kule Mute: kumi na saba mara mbili ni thelathini na nne, na wanawake walikuwa thelathini na tano.

Nikamwendea nikamwambia, mama, kwa nini hukusema, tungetafuta hata kipande kimoja, tungekichukua kwa mtu.

Alikuwa anapakua pilau, hakuacha. "Mie mama wa bibi harusi, mwanangu. Leo kila mtu anijua," akasema. "Sare wavae wanaokwenda kupotezana."