Maua ya Kreyoni kwenye Kitete cha Uki

Mimi na Ndunge tuliolewa mwaka mmoja, yeye boma la upande ule wa ua wa minyaa na mimi upande huu, hapa chini kidogo ya Tala. Kwa hivyo nimemwona akipika, akifua, akigombana na kuku, na nimemwona akifanya ile kazi ambayo watu wa hapa hawajui waiite nini. Anayeyusha kreyoni.

Ndunge husaidia kwenye shule ya nasari hapo sokoni. Kila Ijumaa anarudi na vipande ambavyo watoto wamevimaliza, vimo kwenye mfuko wa unga, vingine vifupi kama meno, vingine vimetafunwa. Anavilaza ndani ya beseni la maji mpaka karatasi ilegee, halafu anaivua. "Ngoja nimtoe huyu nguo," ndivyo anavyosema. Kisha anavipanga kwa rangi kwenye mikebe ya nyanya, na mikebe inaingia kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Ukiweka mkebe juu ya moto wenyewe unashika. Hilo alifunzwa na nyusi zake mwaka juzi.

Akitaka maua, anachukua mchanga wa mto uliolowa kidogo, anabonyeza jani au kifuniko cha soda, anainua polepole, anamwaga rangi kwenye shimo. Ikipoa anatoa ua, au jogoo, au samaki asiyefanana na samaki. Mtoto wangu Mutindi alimla jogoo mmoja wa kijani kabla sijamfikia, na kesho yake nepi ikatueleza kila kitu. Hata hivyo, jua la asubuhi likipiga hayo maua dirishani kwa Ndunge, na hizo rangi zake zikianguka kwa ukuta, mimi husimama na ndoo yangu kidogo kabla sijaendelea.

Mama mkwe wake, Mama Musau, hakuwa anasimama. Yeye ni mtu wa vyondo, vile vikapu vya mkonge. Anasuka akitembea, anasuka akisengenya, anasuka kanisani padri akichelewa. Ndunge alijaribu kusuka miezi mitatu mizima, akatoa kitu ambacho mama alikigeuza huku na huku akauliza kama ni cha kuchujia chai. Tangu hapo wageni wakija, mama anawaonyesha wasichana wake kila mtu na kazi yake: huyu ni fundi wa nguo, huyu akipanda kitu lazima kiote, huyu Mbinya vyondo vyake vimefika mpaka Nairobi. Akifika kwa Ndunge anasema, "Na huyu ni bibi ya Musau." Basi.

Siku moja tukichambua maharagwe Ndunge aliniambia hataki kusifiwa sana. Anataka tu na yeye atajwe na kitu, kama wengine.

Sasa ikafika ntheo ya Mbinya, ile siku watu wa upande wa bwana wanaleta mbuzi na msichana anajulikana ameshikwa. Ilikuwa Jumamosi. Mwanzo wa wiki hiyo mama akatoa kitete chake, kibuyu kikubwa alichoachiwa na mama yake, akampa Ndunge akioshe. Akioshe tu. Ndunge akaosha, akakausha, halafu Alhamisi akakaa nacho mchana mzima, akichovya unyoya wa kuku kwenye rangi iliyoyeyuka. Kazi ya unyoya ni ya haraka, maana rangi inaganda kabla hujamaliza kuvuta mstari. Akazungusha maua kuanzia shingoni mpaka tumboni.

Mama alikitazama, akakizungusha. "Haya," akasema.

Ndunge alikuja mbio hapo kwa ua kunipa hiyo "haya", na tukaichambua kama mawakili. Mimi niliona ni haya ya kawaida. Yeye aliona ilikuwa karibu na nzuri.

Ijumaa asubuhi mama akajaza uki, ile pombe ya asali, akaziba mdomo na gunzi la mahindi, akakiweka kitete hatua moja kutoka kwa mafiga, mahali mama yake alikuwa anaweka chake. Uki bila joto hauchachuki. Ndunge mwenyewe alisaidia kukiegemeza, na akasukuma kuni vizuri. Mmoja anajua rangi, mwingine anajua uki, na asubuhi hiyo hakuna aliyefikiria kazi ya mwenzake.

Saa saba nilienda kuomba ungo nikamkuta Ndunge jikoni, mikono kichwani. Maua ya upande wa moto yalikuwa yameshuka yote, nyekundu imeingia kwa njano, buluu imefika kwenye majivu. Nyuma kulikuwa kumebaki ua moja, zima, halina habari. Kesho wageni kumi na sita wangekaa mbele ya kitete hicho, na kingine cha ukubwa huo hakukuwa.

Mama akaingia. Akatazama kwa muda mrefu hata mimi nikaanza kutafuta mlango.

"Mwaitu, mama, nimekuharibia," Ndunge akasema, machozi tayari.

Mama akavuta kigoda, akakwaruza rangi na ukucha. "Hii kitu ikipata moto inalainika?"

"Inalainika, mwaitu."

"Na ikipoa?"

"Inakaa."

"Basi wacha kulia. Leta jerikeni."

Huyu ni mtu anayeamini uki ukishawekwa hautaki kusumbuliwa. Mzee wake aliwahi kufukuzwa jikoni kwa kukigusa kitete na kiwiko. Lakini aliumimina wote kwenye jerikeni, akashika kitete shingoni, akawa anakigeuza mbele ya makaa kama mguu wa mbuzi. Ndunge akasugua na kipande cha fulana. Rangi ikaanza kutawanyika, nyembamba, ikaingia kwenye ngozi ya kibuyu, na kikang'aa kama viatu vya mwalimu mkuu. Hapo mama akapata maoni.

"Ongeza buluu hapa. Si huko, hapa."

"Mwaitu, nyekundu itapotea."

"Ipotee. Imejaa sana, utafikiri kitete kimechinjwa."

Walibishana hivyo mpaka ng'ombe wakarudi. Ungo wangu niliusahau. Uki ulirudishwa ndani, na safari hii kitete kikalala kwenye kona mbali na moto, kimefungwa blanketi. Kwa kusema ukweli ulichacha nusu. Wazee walilalamika ni mtamu kuliko inavyotakiwa, na wakaumaliza.

Jumamosi hiyo, mbuzi wakishapokelewa, shangazi ya bwana, mama mmoja mnene anaitwa Syokau, aliinama akapitisha kidole kwenye kitete. Akauliza ni nani alikitengeneza. Ndunge alikuwa amesimama hapo hapo na birika la chai. Mimi nilikuwa nyuma yake na Mutindi mgongoni.

Mama Musau akakohoa. "Hiyo ni mimi nilitengeneza."

Nilimtazama Ndunge nikitegemea uso uanguke. Alikuwa anauma mdomo asicheke. Anamjua mama vizuri kuliko mimi: huyo mama hawezi kusema kitu ni chake kama anakionea aibu.

Syokau akataka kujua kinatengenezwa namna gani. "Unachukua kreyoni," mama akaanza, "unaweka kwa moto, halafu..." Akageuka.

"Ndunge, mwiitu wakwa, binti yangu, kuja uwaambie watu. Huyu ndiye wa rangi hapa kwangu."

Ndunge akaanzia kwenye beseni na karatasi. Alipofika kwenye unyoya wa kuku, akina mama walikuwa wamesogeza viti karibu, na chai ilipoa kwenye birika bila mtu kuikumbuka.