Vidole Gumba Tisa

Kwa miaka ishirini na miwili wanawake wawili walikunja mashuka ya hospitali wakiwa wametazamana. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule, wanarudi nyuma, wanalivuta mpaka linalia pwaa, kisha wanaendeana mpaka vidole vyao vinagusana. Walifanya hivyo mara mia mbili kwa siku, na kati ya shuka na shuka walizungumza.

Mmoja aliitwa Povu, kwa sababu wiki yake ya kwanza kazini alimimina sabuni mashineni bila kipimo, povu likatoka nje ya mlango na kumfuata daktari mkuu kwenye korido. Jina likamkaa, maana mdomo wake nao haukuwa na kipimo. Mwingine ndiye tunayemzungumzia hapa. Yeye aliitwa Pasi: amenyooka, ana moto, hapendi mkunjo, na zaidi ya yote hapendi kuambiwa la kufanya.

Walistaafu mwaka mmoja. Pasi alibaki kwenye vyumba vyake viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwapigia majirani nguo pasi. Povu, nyonga zikimsumbua, alihamia kwa binti yake upande wa pili wa mji. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Pasi alikwenda kumwona. Siku nyingine walipigiana simu. Simu ya Pasi ilikuwa ya vitufe, yenye tochi, iliyokwisha kuanguka ndani ya ndoo ya maji mara tatu na mara tatu ikafufuka. Hakuona kilichopungua.

Kisha Povu akanunuliwa simu janja.

Jumamosi iliyofuata Pasi alipoingia, Povu hakuinua hata macho. "Subiri, shoga, subiri kidogo. Dereva wa lori la nguo anaandika."

"Anaandika nini?"

"Sijui, ndiyo namsubiri amalize."

Pasi akakaa. Kwa robo saa nzima alitazama utosi wa rafiki yake. Watu wote waliofanya kazi kwenye nyumba ya kufulia walikuwa wameunda grupu lao, watu kumi na tisa, na Povu alikuwa akicheka na kila mmoja isipokuwa huyu aliyekaa mbele yake. "Hebu mwone msimamizi wetu alivyoota kitambi! Na wewe, mwanao kakuletea simu, umeifungia kabatini kama vyombo vya wageni. Si uitoe!"

"Nikitaka kukuona, nakuja. Nikitaka kukusikia, napiga. Hicho kioo kitaniongezea nini?"

"Kitakuongezea watu."

"Watu ninao."

"Nani? Mimi na redio?"

Povu alisema kwa mzaha, kama kawaida yake. Lakini lilimchoma Pasi pale pale pa kweli. Akachukua mkoba wake. "Basi baki na watu wako kumi na tisa," akasema, akaondoka kabla maji ya chai hayajachemka.

Akanuna. Pasi akinuna, ananuna kikweli. Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata hakwenda. Baada ya hapo alijaribu kupiga, akaambiwa namba haipatikani. Akajaribu tena kesho yake, haipatikani. Akajisemea, ameamua kunizimia simu, sawa. Hakujua kwamba simu ya zamani ya Povu ilikuwa imekufa pamoja na laini yake na namba zake zote, ya Pasi ikiwemo, na kwamba namba mpya ilitangazwa kwenye grupu. Akanuna upya. Jumamosi nyingine ya kwanza ikapita.

Kilichomlainisha ni shuka. Asubuhi moja alikuwa anakunja shuka la kitanda chake mwenyewe, amelibana kwa kidevu, pembe mbili zikiburuta sakafuni, akajiona kwenye kioo cha kabati. Akacheka peke yake, na kicheko hakikumfurahisha. Alifungua kabati, akatoa lile boksi la simu ambalo mwanawe alilileta miezi minane iliyopita, akaliweka ndani ya mkoba bila kulifungua. Angekwenda kumwambia Povu: haya, umeshinda, nifundishe. Njia nzima alijua Povu atakavyomcheka, na alikuwa tayari kuchekwa.

Alimkuta binti wa Povu uani, amechuchumaa, anasugua sufuria kubwa mno kwa nyumba ya watu wanne. Ukutani viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa, kimoja juu ya kingine, mpaka juu ya dirisha. Binti aliinua kichwa, akamwona, asimwamkie.

Pasi hakulijali hilo. "Mama yako yuko ndani? Mwambie nimekuja, na hasira zangu zimeisha. Nina kitu cha kumwonyesha."

"Mama mdogo, unanitania?"

"Nikutanie nini?"

Binti akaweka brashi chini taratibu. "Mama tumemzika Alhamisi iliyopita."

"Mama yupi?" Pasi aliuliza.

Ndivyo alivyouliza, na baadaye alilikumbuka swali hilo kwa aibu. Maneno aliyasikia vizuri, lakini hayakumwingia. Macho yake yalikwenda kwenye viti, yakaenda kwenye sufuria, yakarudi kwenye viti. Ndipo akakaa kwenye kizingiti cha mlango, mkoba mapajani, mdomo wazi, hana hata chozi.

Binti naye alikuwa na lake la moyoni. "Usiniambie hukujua. Watu wote walijua. Alikuita mara tatu! Nikamwambia, mama, mwache, mwenzako kanuna. Amekufa anajua umemnunia."

"Aliniitia wapi?"

"Kwenye grupu!"

"Mimi simo kwenye grupu, mwanangu."

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye bomba, hakuna aliyeyafunga. Binti akamkazia macho kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Lakini msimamizi alisema atakuambia. Alisema anakaa mitaa miwili kutoka kwako."

"Hajaniambia."

"Na yule mama wa stoo mliyefanya naye kazi?"

"Hajaniambia mtu. Naapa, hakuna hata mmoja aliyeniambia."

Binti akaingia ndani, akarudi na simu ya marehemu. Akakaa pale pale kizingitini, bega kwa bega na Pasi, akabonyeza. Sauti ya Povu ikatoka, ile ile, na Pasi akashtuka hata akashika mkono wa mlango.

"Jamani, hamjambo wote. Povu hapa. Niko kitandani, daktari anasema ini, mimi nasema uvivu. Nani yuko karibu na Pasi? Mwambieni aje. Asilete kiburi, alete machungwa."

Chini ya ujumbe palikuwa na alama ndogo ya mkono wa manjano. "Hiki ni nini?" Pasi aliuliza.

"Kidole gumba. Maana yake mtu amesikia."

"Wamesikia wangapi?"

Binti akagusa, majina yakafunguka. Pasi akayahesabu mwenyewe, ukucha wake ukigonga kioo. Tisa. Wote aliwajua; wote walikula mezani pamoja naye kwa miaka.

"Wamesikia, halafu wakafanya nini?"

Binti akasogeza kidole kwenye kioo, akabonyeza tena.

Ujumbe wa pili ulikuja siku tano baadaye, sauti imekonda. "Pasi kaambiwa? Mbona kimya?" Chini yake msimamizi alikuwa ameandika: mwachieni mimi hilo. Watu wakamwekea mioyo. Wa tatu ulianza kwa pumzi tupu, ndefu, kisha: "Basi mwacheni. Kichwa chake kigumu kama pasi ya mkaa. Akija, akija."

Baada ya huo hapakuwa na mwingine.

Alipoinuka kuondoka, binti alimkumbusha mkoba, na boksi lililokuwa limeanguka nje yake. "Boksi silitaki," Pasi akasema. "Kitu kama hicho sikitaki nyumbani kwangu." Akaliacha kizingitini.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa msimamizi. Alimkuta barazani, simu yake imechomekwa kwenye chaji, amevaa ndala. Mzee akainuka kwa furaha ya kweli. "Pasi! Siku nyingi, dada yangu! Karibu, karibu!" Kisha akauona uso wake, na mikono aliyoinyoosha ikabaki hewani.

"Vidole gumba tisa," Pasi akasema. "Kimoja chako."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mzee akakaa chini kama mtu aliyesukumwa. "Nilikuwa foleni ya kliniki ya macho," akasema. "Nikabonyeza, nikajisemea nitapita kwake jioni. Jioni mvua ikanyesha. Siku zilizofuata... Pasi, nakuapia, nilikuwa naona kabisa kichwani mwangu kwamba nimeshakuambia. Hata mazikoni nilijiuliza, huyu mama ana moyo gani, asije?"

Pasi alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mbaya. Maneno aliyokuja nayo yangemtosha mtu mbaya. Lakini aliyekuwa mbele yake ni mzee mwenye macho ya majimaji, aliyekuwa akimpa ruhusa kila mara mtoto wake alipougua. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Akaondoka bila kuaga, na njiani akahesabu hatua. Kutoka baraza ile mpaka mlango wake zilikuwa mia tatu na arobaini.

Wiki hiyo hakupiga pasi nguo ya mtu. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuja kumpa pole, akamsikiliza akiitukana simu tangu alipoingia mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema kwa upole, "Mama, samahani. Ungekuwa umo kwenye lile grupu, ungemsikia mwenyewe siku ya kwanza. Siku hiyo hiyo ungekuwa kwake."

"Najua. Unadhani sijui? Usinirudishie."

"Basi nimeacha, mama."

Jumamosi, binti wa Povu alibisha hodi. Safari hii alimwamkia, tena akapiga magoti kuomba radhi kwa yale maneno ya siku ile, na Pasi akamnyanyua haraka kwa sababu hakuona kosa lake. Binti alikuwa na boksi mkononi. "Sijaleta kukulazimisha, mama mdogo. Ila simu ya mama anaichukua mjomba keshokutwa, ataifuta aanze upya. Na ndani yake mna sauti zake. Siyo za grupu; ni zile alizokuwa ananitumia mimi nikiwa kazini, na kwangu nilikuwa nazifuta nikishasikiliza. Ziko arobaini na moja. Kile kisimu chako hakiwezi kuzipokea."

Pasi alilitazama boksi. Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba kwa simu ile ataona picha za wajukuu, atasikia habari, atapata tarehe za kliniki bila kupanga foleni. Hakuna hata moja lililomgusa.

"Iwashe," akasema.

Tangu hapo kila asubuhi, akishawasha pasi na kusubiri ipate moto, anasikiliza ujumbe mmoja. Mwingi hauna maana yoyote. Nunua chumvi. Kuku wa jirani kaingia tena jikoni. Mwanangu, umeondoka na ufunguo wa choo! Na kila asubuhi Pasi anashtuka, maana sauti haina habari kwamba mwenyewe hayupo. Inadai chumvi kwa haraka, kama vile duka linafungwa. Katika ujumbe wa kumi na mbili Povu anasema, "Yule Pasi ana kiburi mpaka kwenye visigino, ila kanga zangu hakuna mwingine anayejua kuzinyoosha." Pasi alicheka mpaka akakaa sakafuni, na huko sakafuni ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Kwenye grupu waliingiza jina lake siku ile ile simu ilipowashwa. Ndani ya dakika moja yakamiminika: Karibu Pasi! Maua, mioyo, ngoma, makofi. Watu hawa hawa, ambao hawakuweza kutembea mitaa miwili, walikuwa na maua mengi kiasi hiki? Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akabonyeza alipofundishwa, akasema: "Hapa Pasi. Nilikuwa nyumbani siku zote. Mlango wangu ni wa kijani, nyuma ya kiwanda cha mbao. Mlikuwa mnaujua."

Grupu likanyamaza kwa siku nzima. Kisha dereva wa lori la nguo akaja mwenyewe, kofia mkononi, akasimama mlangoni asijue aanzie wapi. Baada yake mama wa stoo, akilia tangu barabarani. Kati ya wale tisa walikuja wanne. Msimamizi hakuja, alituma ua.

Majirani sasa humuuliza kama simu janja ina faida, maana wanajua alivyokuwa akiipinga. Jibu lake hubadilika kila siku. Kuna siku anasema mnunulie mama yako leo hii. Kuna siku anasema itupe chooni. Ya vitufe bado anayo, iko mfukoni mwa aproni. Ile janja inakaa juu ya meza ya kupigia pasi, mbali na mvuke.

Jumamosi za kwanza za mwezi bado anakwenda upande wa pili wa mji, kumwona binti. Siku moja kabla, binti humpigia simu ya video, na Pasi hupokea kama alivyozoea miaka yote, anaibana simu kwenye shavu.

"Mama mdogo, naona sikio tupu."

"Si ndilo linalosikia?" Pasi hujibu. "Sema, unataka nije na nini kesho?"