Kandambili Iliyobaki Zizini

Mwanangu, kwa muda mrefu nilikana kwamba nyayo zangu zimekufa ganzi. Kisukari nilikikubali, hata nilikitaja kwa madaha kidogo, kama mtu anayetaja shahada yake. Lakini ganzi? Nilisema ni uchovu wa kukaa nikiandika insha ambazo hata wanafunzi wangu wa chuo kikuu hawazisomi.

Ubishi uliniishia kijijini Didia, kwa mama yangu. Nilitoka zizini na ndoo ya maziwa, nikaingia uani nikijiona binti wa Kisukuma kamili. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, akanitazama miguuni.

“Kandambili yako nyingine iko wapi?”

Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu. Kandambili ilinasa kwenye tope la zizi, nami nikaendelea kukanyaga miiba ya ua bila habari. Miwili ilikuwa imezama unyayoni.

“Kiatu kimebaki zizini,” mayu alisema. “Mguu je, umeuacha chuo kikuu?”

Hospitalini daktari aliniambia nifumbe macho, atanigusa nyayo kwa uzi wa nailoni. Nikangoja.

“Anza basi, daktari.”

“Nimeshamaliza, mama.”

Akanieleza. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva za miguu na kubana mishipa ya damu. Mguu usiosikia hauombi msaada, na usiopata damu ya kutosha hauponi upesi. Ongeza sugu ya unyayo, kiatu kinachobana, sigara, au kidonda kilichowahi kutokea hapo hapo, basi hatari imekamilika.

Nikamfikiria mdogo wangu Masanja, mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Ana sukari kama mimi, anavuta sigara, na hushinda kwenye duara, yaani shimo lao, ndani ya buti za mpira zilizojaa maji. Nikampigia.

“Dada, mimi mwanaume wa duara. Miguu yako wewe ni ya zulia.”

“Hii ya zulia imechomwa miiba miwili isijue. Yako inajua nini?”

Akacheka. Hata ana sugu unyayoni, alisema, huikata mwenyewe kwa wembe, na haimuumi hata kidogo. Alilisema kama sifa.

“Masanja, usipokwenda hospitali wiki hii, nakuja hapo duarani nikuvue buti mbele ya wenzako.”

Nawe mwanangu uliye na sukari, sikia. Kutoumwa si kupona. Kila jioni tazama nyayo zako na katikati ya vidole. Usipoona, mwombe mwenzako, aibu haikati mguu. Kung’uta kiatu kabla ya kuvaa. Usitembee pekupeku, hata ndani. Baridi ikija, usiote moto kwa nyayo. Wembe uuache. Ukiona mchubuko au lengelenge, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo; usingoje liume, huenda lisiume kabisa. Mungu akujalie subira ya kuinama na kutazama.

Nilikuwa napanga nguo za safari ya Geita simu ilipoita.

“Dada, usije. Niko hospitali. Nimevua buti, kokoto kubwa kama harage ikadondoka. Nimeshinda nayo.”

“Uliisikia?”

“Sikuisikia, dada.”

“Na ngozi?”

“Imechubuka tu. Wanaisafisha. Daktari kasema nimewahi.”

“Basi Mungu akubariki, baba. Akurudishe nyumbani kwa miguu yote miwili.”